SOMO: Jinsi ya kuandika rivyu ya manga za mapenzi na fantasia (sio kusimulia stori)

Wakuu habari zenu. Kuna watu wanasoma manga (vitabu vya katuni za Kijapani) usiku kucha, ukimwambia haya tuandikie rivyu tujue kama tuchome bando au tuachane nayo, anakusimulia kuanzia chapta ya kwanza mpaka nani kafa, af mwishoni anaweka "ni kali sana 9/10". Huo ni muhtasari umebandikwa maksi. Leo twende taratibu, na mfano nitakaoutumia sana ni Fruits Basket ya Natsuki Takaya, sababu ina mapenzi na fantasia humo humo na imeshaisha, voliumu 23, ilitoka kwenye jarida la Hana to Yume toka 1998 mpaka 2006.

HATUA YA 1: Jua iliandikwa kwa ajili ya nani
Hapa wengi wanachanganya. Shojo, shonen, seinen na josei ni wasomaji ambao jarida linawalenga, yani wasichana, wavulana, wanaume wakubwa na wanawake wakubwa, hazikwambii stori inahusu nini. Ndo maana Kaguya-sama ni mapenzi mwanzo mwisho ila imechapwa Young Jump ambalo ni jarida la seinen. Weka mtunzi, jarida, miaka, voliumu ngapi, imeisha au inaendelea. Mistari miwili inatosha.

HATUA YA 2: Soma vya kutosha
Iliyoisha soma yote. Inayoendelea soma walau voliumu tatu na useme wazi umeishia wapi. Manga nyingi zinatoka chapta chapta kwenye jarida kabla ya kukusanywa kuwa kitabu, kwahiyo mwanzoni mtunzi anakuwa bado anapima upepo. Voliumu za mwanzo za Fruits Basket ni vichekesho vingi vya watu kugeuka wanyama, ukiishia hapo ukaandika rivyu utakuwa umeongelea manga nyingine kabisa.

HATUA YA 3: Fantasia, tafuta sheria na bei yake
Msomaji hahitaji orodha ya mazimwi na panga, anataka kujua uchawi wa humo unafanyaje kazi na unamgharimu nani. Chukua Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa: ukitaka kitu lazima utoe kitu cha thamani sawa. Ndugu wawili wanajaribu kumrudisha mama yao aliyefariki, mkubwa anapoteza mguu, mdogo anapoteza mwili mzima, af yule mkubwa anatoa na mkono ili roho ya mdogo wake ifungwe kwenye deraya la chuma. Yani sheria umeielewa kwa maumivu kabla hata hujaelezwa vizuri. Sasa wewe fuatilia kama mtunzi anaiheshimu sheria yake mpaka mwisho, au steringi akibanwa kwenye kona nguvu mpya inatokea tu hewani. Kwamba steringi hafi tunajua wote, ila alipe basi hata kidogo.

HATUA YA 4: Mapenzi, angalia nini kimebadilika
Usihesabu mabusu. Kimi ni Todoke ya Karuho Shiina ina voliumu 30 na mtu mwenye haraka atakwambia hakuna kinachotokea humo. Kinatokea sana. Sawako, binti ambaye ndo steringi, darasani wanamwita Sadako, yule mzimu wa kwenye stori ya kutisha ya Ring, watu wanaogopa hata kumwangalia machoni, sasa binti wa namna hiyo huwezi kumrushia mchumba siku ya kwanza, lazima kwanza ajue kuwa na marafiki, agombane nao, apatane nao, ajue kwamba na yeye anaweza kupendwa. Kazehaya, kijana wa darasani kwake, anamsalimia tu kama binadamu na hilo linakuwa tukio kubwa. Swali la kujiuliza ni hili, hawa wawili chapta ya mwisho ni watu wale wale wa chapta ya kwanza? Kama ni wale wale na kilichoongezeka ni kushikana mikono, mapenzi hayo ni mapambo. (Mimi binafsi naona Kimi ni Todoke wakishakuwa wapenzi stori inaburuzwa mpaka inachosha, na ukiwa na maoni kama hayo yaseme, usiogope mashabiki.)

HATUA YA 5: Kama vyote viwili vipo, vinashikana?
Hapa ndo rivyu nzuri inapoonekana. Kwenye Fruits Basket kuna ukoo wa Sohma wenye laana, wenye laana hiyo wakikumbatiwa na mtu wa nje wa jinsia nyingine wanageuka wanyama wa zodiaki, yani wale wa kalenda ya Kichina. Sasa hebu fikiria stori ya mapenzi ambayo watu hawawezi kukumbatiana! Ukiitoa laana, mapenzi yenyewe yanaporomoka, ndo nasema vimeshikana.

Na haiishii kwa wapenzi. Momiji, mtoto wa ukoo huo, yeye anageuka sungura. Mama yake mzazi akimbeba tu mtoto anageuka mnyama mikononi mwake, akashindwa kabisa, akachagua kufutiwa kumbukumbu zote za huyo mtoto. Momiji anaishi anamuona mama yake anapita na mama hamjui kama ni mwanae. Hayo anamsimulia Tohru, steringi wa stori, binti aliyefiwa na mama, kwenye jengo ambalo Tohru anafanya usafi, anasimulia kwa sauti ya utoto wake ule ule. Ukieleza kipande kimoja namna hiyo vizuri, kinamshawishi msomaji kuliko kuandika "inahuzunisha sana" mara tano.

HATUA YA 6: Michoro
"Michoro mikali" haina maana yoyote. Sema paneli (vile visanduku vya picha) zimejazana au zina nafasi, ukurasa usio na maneno unatumika wapi, pambano unaelewa nani kampiga nani au unaona mistari tu. Na kabla hujakandia michoro kubadilika ulizia kwanza, Takaya alifanyiwa operesheni ya mkono anaochorea wakati Fruits Basket bado inaendelea, na sura za wahusika baada ya hapo ni tofauti kweli.

HATUA YA 7: Andika
Aya nne tano. Ni nini, inafanya nini vizuri, wapi inachosha, nani ataipenda. Maksi ukipenda.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu asante kwa somo, ila hapo kwa Momiji si umetoa spoila, yani umetufichulia stori?
Jibu: Kidogo, ila kisa chake kinakuja mapema na sio fumbo la stori. Mimi natoa ya mwanzo mwanzo tu, ya mbele naonya kwanza. Laana inaishaje sikuambii hata unihonge.

Swali: Kaka mimi nimeangalia anime (katuni yake ya video) tu, naruhusiwa kuandika?
Jibu: Andika rivyu ya anime na useme ni anime. Ile ya Fruits Basket ya 2001 ilikuwa na vipande 26 na ikaisha wakati manga bado inatoka, ya 2019 mpaka 2021 ndo ilienda mpaka mwisho. Aliyeona ya kwanza na aliyeona ya pili wanaweza wakabishana kutwa nzima na wote wakawa sahihi.

Swali: Isekai zote naona ni moja tu, jamaa kafa, kaamka dunia nyingine, ana nguvu. Naandika nini jipya?
Jibu: Rudi hatua ya 3. Nguvu zake zinamgharimu nini? Kama jibu ni hakuna, andika hivyo hivyo, rivyu imeisha.

Swali: Habari mwalimu, tafsiri niliyosoma ilikuwa ya ovyo, maongezi hayaeleweki. Nimkate maksi mtunzi?
Jibu: Hapana dada, hajakosea yeye. Taja kwamba umesoma tafsiri ya mashabiki. Kwa zile za kampuni ya uchapishaji ya Shueisha jaribu programu ya Manga Plus, nyingi utapata chapta za mwanzo na za karibuni bure, ulinganishe.

Swali: Manga ya Nana je? Nasikia haina mwisho.
Jibu: Ai Yazawa aliisimamisha 2009 baada ya kuugua, voliumu zipo 21. Iandikie kama ilivyo na umwambie msomaji mapema kwamba itamwacha njiani. Mapenzi ya mle ni machungu, hakuna fantasia hata tone.

Swali: Basi naanza nayo wikendi hii.
Jibu: Anza mkuu, ila mwisho usije kunidai mimi.