Jinsi ya kutengeneza magnetaiti yako mwenyewe maabara

Ukitaka magnetaiti (Fe3O4), ile oksidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku, usihangaike na tanuri, njia ya mashapo, yaani kuchanganya vimiminika mpaka unga ujitenge, inatosha kabisa, ila kuna vitu viwili vinaangusha watu wengi, uwiano na hewa.

Magnetaiti ina chuma cha aina mbili, feri (Fe3+) na fero (Fe2+), kila feri mbili zina fero moja, kwa hiyo na wewe anza hivyohivyo. Pima feri kloridi yenye maji sita gramu 5.4 na fero kloridi yenye maji manne gramu 2, yeyusha kwenye mililita 100 za maji safi ya maabara uliyoyachemsha na kuyapoza yakiwa yamefunikwa, maana oksijeni iliyomo kwenye maji inageuza fero kuwa feri kabla hata hujaanza. Fero kloridi iliyoshakuwa ya kahawia achana nayo.

Vaa miwani na glavu, fanyia ndani ya kabati la kuvuta hewa, amonia haina mchezo. Pasha hadi nyuzi 70 hivi, koroga kwa fimbo ya kioo (kikorogeo cha sumaku hapana, mzigo wote utaning'inia pale), halafu mimina amonia ya asilimia 25 mililita 15 huku unakoroga kwa nguvu. Hapo ndo patamu, ule myeyusho wa rangi ya chungwa unachafuka, unakuwa kahawia nzito, mara tiii, mweusi kama wino. Ukibaki na wekundu jua fero imepungua.

Na hiyo amonia yenyewe, viwandani inatengenezwa kwa kichocheo cha chuma ambacho kwa kawaida kinaanzia kwenye magnetaiti!

Acha nusu saa, weka sumaku kali chini ya bika, weusi wote unashuka na maji yanabaki meupe, yamwage, ongeza mengine, rudia mpaka karatasi ya litimasi isionyeshe tena bezi, yaani ule ualkali wa amonia. Utapata gramu 2 na kidogo. Wachimbaji wa chuma wanafanya kitu kilekile kwa ukubwa, wanasaga mawe halafu sumaku inachambua.

Usiamini sumaku peke yake lakini, ukikausha kwa moto mkali hewani inageuka magemaiti, oksidi nyingine ya chuma, ya kahawia, na hiyo nayo inavutwa vizuri tu, kwa hiyo angalia rangi. Na kama unaitaka kwa kunasa aseniki (ile sumu) kwenye maji usiikaushe kabisa, ifunge mbichi ndani ya maji yake, chembe zikikauka zinashikana na sehemu ya kunasia inapungua.