Kabati kuukuu la mbao: kulipaka rangi isibanduke

Rangi ikianza kubanduka baada ya miezi miwili, mara nyingi si kosa la rangi. Ni masizi ya jiko, mafuta ya mikono na polishi ya miaka mingi, vikafunikwa bila kuondolewa. Tenga siku nzima ya matayarisho. Hapo ndipo kazi ilipo.

Fungua vishikio, makomeo na bawaba, na kila droo iandike namba nyuma, kwa maana droo za seremala wa mkono hazibadilishani nafasi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, kitambaa kikiwa kimekamuliwa, suuza, uache likauke kabisa. Kisha pangusa kwa tapentaini. Polishi yenye silikoni ikibaki, rangi mbichi hujitenga na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki, na koti (tabaka) la pili la rangi halivizibi.

Piga msasa namba 120 (namba ikiwa ndogo, msasa huwa mkali zaidi) ukifuata nyuzi za mbao. Kama vanishi bado imeshika, ondoa mng'ao tu. Namba 80 ni ya mahali panapobanduka. Rangi ya zamani sana yaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo tumia msasa wa maji, vaa barakoa, na watoto wakae mbali. Mashimo yajaze puti ya mbao mpaka iinuke kidogo, kwani ikikauka hunywea, halafu isawazishe kwa namba 180.

Sasa itazame mbao yenyewe. Macho ya saipresi, yaani vifundo vya matawi, hutoa utomvu, na mahogani hupenyeza madoa ya rangi ya chai hadi juu ya rangi nyeupe: zote mbili zipake sheleki (shellac, vanishi ya kuziba) makoti mawili kwanza. Mvule una mafuta yake yanayochelewesha rangi kukauka. Upanguse kwa tina (thinner, kiyeyusho kikali cha rangi), na tina ikishakauka paka papo hapo.

Kabati la upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 1.8 lina takriban mita 4 za mraba kwa nje. Lita moja ya andakoti (rangi ya kwanza ya chini) na lita moja ya rangi ya mafuta zinatosha, na rangi itafika makoti mawili. Koti la kwanza la rangi litie mililita 100 za tapentaini kwa lita. Usitie tina badala yake: hulainisha koti la chini, nalo likakunjamana kama utando wa maziwa.

Chovya theluthi moja tu ya nywele za brashi ya inchi mbili. Anza na pembe na nakshi, kisha nyuso pana, umalize kwa mapigo marefu mepesi. Rudi kukagua baada ya dakika kumi. Michirizi hujificha chini ya nakshi. Kati ya koti na koti acha saa 24, upitishe namba 240 na kufuta vumbi.

Kisumu, paka asubuhi umande ukishakauka. Rangi inayopatwa na unyevu wa jioni hupoteza mng'ao. Usiku zima taa na ufunge madirisha, maana wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga na kunasa kwenye rangi. Wakishanasa, usiwachokoe: subiri ikauke, wasugue kwa msasa, upake tena.

Mbavu za droo usizipake kabisa, zitakwama. Zisugue kwa mshumaa. Vyombo virudishe baada ya wiki moja.