Simu yenye ruti na sasisho la mfumo: faili la boot kwanza, kitufe baadaye

Taarifa ya sasisho ikishuka kwenye simu uliyoiruti, yaani uliyojipatia mamlaka kamili juu ya mfumo wake, usiibonyeze. Nyingi ya simu zinazoletwa mezani kwangu hapa Mwanza zikiwa zimekwama kwenye logo hazikuuawa na ruti. Mwenyewe alikubali sasisho, akaichomeka chaji akalala.

Tangu Android 5.0, sasisho dogo linalopakuliwa na simu yenyewe halibadilishi faili moja moja. Linaisoma patisheni, yaani sehemu ya hifadhi ya simu, kipande kwa kipande na kulinganisha kila kipande na kile kilichotoka kiwandani. Magisk, programu ya kuruti, imeshaigusa boot, patisheni inayouwasha mfumo, kwa hiyo hesabu haziwiani na sasisho linagoma. Kwenye simu ya zamani yenye TWRP, rikavari (mfumo mdogo wa kusakinisha na kurekebisha) isiyo ya kiwandani, mambo huwa mabaya zaidi: simu inajizima, inaingia TWRP ili isakinishe, inashindwa, na kila ukiiwasha inarudi TWRP ileile. Kwa hiyo nenda Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara 7, ingia Chaguo za wasanidi programu, uzime masasisho ya mfumo ya kiotomatiki. Ruti isiyo na hatua hiyo haijakamilika.

Kisha ijue simu yako ni ya aina gani. Ichomeke kwenye kompyuta yenye adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kompyutani, na uandike:

adb shell getprop ro.build.ab_update

Ikijibu true, una simu yenye sloti mbili, a na b. Mfumo unafanya kazi kwenye sloti moja huku sasisho likiandikwa kwenye nyingine. Isipojibu kitu, una simu ya sloti moja, ya mtindo wa zamani. Mwongozo wa aina moja haukufai kwa nyingine, na hapa ndipo vijana wengi wanapopotezwa na video za mitandaoni.

Nitaeleza kwa simu mbili ninazozishika kila mara: Pixel 6a, ya sloti mbili, na Redmi Note 8, ya sloti moja.

Pixel 6a haina patisheni ya rikavari inayojitegemea. Mteja anapoomba nimwekee TWRP kwenye Pixel, huwa namuuliza anaitaka ya kazi gani, na mara nyingi jibu ni kwamba ameambiwa bila TWRP huwezi kuruti. Si kweli. Unachohitaji ni butiloda (programu inayoianzisha simu) iliyofunguliwa, fastboot (zana ya kuandika patisheni) kwenye kompyuta, na faili la boot.img la toleo lilelile lililomo ndani ya simu. Ukipewa kwenye kundi la Telegram TWRP ambayo hakuna anayejua imejengwa na nani, iache. Rikavari inafungua kila kitu chako, na kuisakinisha ni kumkabidhi mtu usiyemjua funguo za nyumba.

Faili hilo la boot nalisisitiza sana. Pakua famuwea (mfumo mzima wa kiwandani) kamili ya toleo unalolihamia kutoka ukurasa wa Google wa wasanidi programu. Jina la Pixel 6a huko ni bluejay. Lifungue faili, na ndani yake utakuta zip nyingine inayoanza na image-bluejay, boot.img imo humo. Iweke kwenye folda yenye jina la Nambari ya muundo, herufi kwa herufi. Mwenye Pixel 7 na zilizofuata achukue init_boot.img badala yake, maana huko ndiko Magisk inakoingia. Usitumie boot ya mwezi uliopita kwenye mfumo wa mwezi huu: simu inaweza kuwaka vizuri tu, lakini Wi-Fi haiwaki au kioo hakisikii kidole, ukaanza kulaumu kioo kumbe kerneli (kiini cha mfumo) na madraiva yake havilingani.

Pakua pia sasisho kamili la toleo hilohilo. Mafaili haya ni makubwa, kila moja linakula GB 2 au zaidi, kwa hiyo tumia bando la usiku. Likishamaliza, usiliamini kabla hujalipima. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe na namba ndefu iliyo kwenye ukurasa wa Google. Mtandao wetu unakatika katikati ya upakuaji, na faili pungufu kwa macho linafanana kabisa na faili zima.

Sasa kazi yenyewe. Fungua Magisk, zima moduli (nyongeza zake) zote. Nakili boot.img mpya kwenye simu, ipitishe kwenye Magisk, kisha irudishe kompyutani ile iliyotengenezwa, jina lake likianza na magisk_patched. Andika adb reboot recovery. Ukiona roboti amelala chali, shikilia kitufe cha kuwashia, bonyeza cha kuongeza sauti mara moja, uachie; menyu itatokea. Chagua «Apply update from ADB», na kwenye kompyuta andika adb sideload pamoja na jina la faili la sasisho kamili. Hili ndilo halijali boot yako imeguswa au la, kwa sababu linaandika kila kitu upya. Data zako hazifutwi.

Asilimia zinaweza kwenda hadi 47 zikasimama, halafu kompyuta ikatoa ujumbe kana kwamba imeshindwa. Usichomoe waya! Tazama kioo cha simu. Kikiandika status 0, limeingia salama. Hiyo ndiyo hukumu, si maneno ya kompyuta. Kutoka hapo iwashe simu kawaida, iache itulie kwenye mfumo mpya bila ruti, hakikisha mtandao na kamera vinafanya kazi. Ndipo uirudishe fastboot uandike fastboot flash boot na jina la faili la magisk_patched. Wapo wanaoirudisha ruti kabla ya kuwasha, na inafanya kazi, lakini mimi napenda kuujua mfumo mpya ukiwa msafi kwanza. Hitilafu ikitokea baadaye, najua imeletwa na nini.

Neno moja kuhusu kurudi nyuma. Sasisho la Android 13 la Agosti 2022 liliifunga njia ya kurudi Android 12 kwenye Pixel 6, 6 Pro na 6a, na sloti ya pili ilibaki na butiloda ya zamani mpaka nayo isasishwe. Soma maelezo ya toleo kabla ya kulishika. Na usifunge tena butiloda wakati boot imeguswa, hata kama programu ya benki inakukatalia. Kwa M-Pesa, *150*00# haiulizi habari za ruti.

Redmi Note 8 ina patisheni yake ya rikavari, na hapo TWRP ina faida ya kweli. Flashi, yaani iandike kwenye patisheni yake, kwa fastboot flash recovery, kisha ingia rikavari papo hapo kwa kubana kuongeza sauti na kuwasha. Ukiiacha MIUI, mfumo wa Redmi, iwake kwanza, inairudisha rikavari ya kiwandani. Kwa sababu hiyohiyo, ukisasisha kwa romu kamili (faili la mfumo mzima) kupitia TWRP, flashi TWRP na Magisk tena kabla ya kuwasha mfumo.

Kabla ya yote, chukua bakapu ya boot na EFS, uihamishie kompyutani. EFS ndiyo patisheni yenye mambo ya IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, izime simu bandia Juni 2016, simu isiyo na IMEI halali hapa Tanzania haina kazi ya kupiga wala kupokea. Bonyeza *#06# kabla na baada, ulinganishe. Na ujue kuwa bakapu ya TWRP haigusi picha na video zilizo kwenye hifadhi ya ndani. Hizo zinakili mwenyewe.

TWRP ikikuonyesha hifadhi ya ndani ni 0 MB, au majina ya folda yamekuwa herufi zisizosomeka, usikubali ushauri wa kufuta data. Rikavari imeshindwa kuufungua usimbaji wa mfumo mpya, basi. Weka romu kwenye kadi ya kumbukumbu, au tumia adb sideload, utamaliza kazi bila kupoteza picha hata moja.

Simu ikikwama kwenye logo baada ya moduli, izime, iwashe ukibana kitufe cha kupunguza sauti hadi iingie hali salama. Magisk itazizima moduli yenyewe, na ukiiwasha upya zitabaki zimezimwa. Ikishindikana, ingia fastboot uandike fastboot flash boot boot.img, ile safi, kutoka folda yenye Nambari ya muundo ya sasa.