Mkimaliza kutazama 12 Years a Slave, msikimbilie kuongea

Filamu hii ina dakika 134, na mazungumzo yake hayapungui saa nzima, kwa hiyo anzeni mapema. Sisi hukutana sebuleni kwangu Kisauni, Mombasa, tunatundika shuka jeupe ukutani na kuazima projekta. Kabla ya kuiwasha, waambie watu mambo mawili. Solomon Northup alikuwa mtu kweli, mzaliwa huru wa New York, akatekwa Washington mwaka 1841 na kuuzwa Louisiana. La pili, mna viboko na ubakaji ndani yake. Watoto walale kwa jirani.

Ikiisha, usiulize "mmeionaje?" Utajibiwa "inasikitisha", na kikao kimekufa. Mimina chai kwanza, watu wapumue. Kisha rudisha tukio moja tu. Mimi huchagua pale Solomon aliponing'inizwa, ncha za vidole vya miguu zikigusagusa tope. Kamera haibanduki. Uliza: nyuma yake kuna nani, na wanafanya nini? Wakitazama mara ya pili ndipo wanawaona watumwa wenzake wakiendelea na kazi na watoto wakicheza. Hapo ndimi hufunguka, kwa sababu kila mtu anajiuliza yeye angesimama wapi.

Watu wetu watataka kumzungumzia Lupita Nyong'o na Oscar yake ya 2014. Waache, ni haki yao kufurahi. Kisha warudishe kwa Patsey, mtumwa anayeigizwa na Lupita, na kile kipande cha sabuni alichokwenda kukiomba ili aoge tu, kikamletea mijeledi. Mwishoni Solomon anaachiliwa, anaondoka na gari la farasi, Patsey anabaki. Uliza uhuru huo ni wa nani. Ongeza kwamba Solomon alipomshtaki mfanyabiashara wa watumwa aliyemuuza, mahakama ya Washington haikupokea ushahidi wake, kwa kuwa alikuwa mweusi.

Kwetu kuna jambo moja la kuchunga sana. Kengeleni ni hapo tu, na Frere Town, makazi ya wamisionari huko, ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Usimuulize mtu hadharani ukoo wake ulitoka wapi. Tulipofika pale Solomon anapoitwa Platt, jina alilopewa utumwani, mzee mmoja aliweka kikombe chini, akasema nyanya wa babake naye alikuwa na majina mawili, la kwao na la misheni. Akatutajia la kwao. Tulikaa kimya mpaka alipoamua mwenyewe kuendelea.