Kifungio Kisichofunguka kwa Hereni za Duara za Kusubu

Mteja wangu mmoja alirudi na hereni moja mkononi. Ya pili ilishamdondoka bila yeye kujua. Nilipoikagua ile iliyobaki, duara lilikuwa zima kabisa, ila kipini (waya unaopita kwenye tundu la sikio) kilikuwa kimelegea: ukikisukuma upande, kinabaki hukohuko. Nilikuwa nimekisubu, yaani kukimimina kwa fedha iliyoyeyushwa, pamoja na duara, kipande kimoja. Kosa lilikuwa hapo. Fedha inayotoka kwenye kalibu ni laini, haina springi. Metali hupata springi ikivutwa, ikipindwa au ikigongwa ingali baridi, na hupoteza springi hiyo kila inapopigwa moto. Siku hizi duara nalisubu, lakini kipini nakitengeneza kando kwa waya, na kila ninachokieleza hapa chini kinalinda springi ya waya huo.

1. Anza kwenye nta

Kabla ya kusubu, kwenye umbo la nta linalotumika kutengeneza kalibu, acha mwanya wa milimita 12 kati ya ncha mbili za duara, kisha ongeza nta kwenye ncha hizo mpaka ziwe na upana wa milimita 4 na kina cha 3.5. Sehemu nyingine ya duara unaweza kuiacha nyembamba upendavyo. Ncha moja itabeba bawaba, nyingine itabeba kifungio, na zote zinahitaji nyama ya kutosha. Angalia uzito pia. Mimi sipendi hereni moja ivuke gramu 8, maana nzito huvuta tundu la sikio na kuchosha kifungio.

2. Kagua ncha baada ya kusubu

Tumia kioo cha kukuzia. Ukiona vitundu vidogo kama vya mkate, hasa pale ulipokata mfereji wa kumiminia, usijidanganye kwamba ndani ni salama. Ukuta wenye vitundu utapasuka siku ya kugonga ribiti (kipande cha waya kinachogongwa ncha zote mbili ili kishikilie bawaba). Subu upya.

3. Tundu kwanza, mpasuo baadaye

Toboa tundu la milimita 0.8 kukatiza ncha ya kwanza, kutoka ubavu hadi ubavu, milimita 1.5 kutoka mwisho wake. Weka alama kwa ncha ya chuma ili keekee isiteleze, paka nta kidogo, na uitoe mara kwa mara kusafisha vumbi. Ukipasua kabla ya kutoboa, keekee itapinda ikifika kwenye uwazi na matundu mawili hayatalingana.

Sasa pasua ncha hiyo katikati kwa msumeno mwembamba, ukifuata ulalo wa duara. Kina kiwe milimita 3.5, upana 1. Kama msumeno umeacha nafasi ndogo, panua kwa tupa bapa, lakini simama mara tu waya wa kipini wa milimita 0.9 unapoingia bila kulazimishwa. Mpasuo mpana hufanya kipini kicheze, na kipini kinachocheza hakiwezi kusukuma kifungio.

4. Kipini

Kata sentimita 3 za waya wa fedha ya 925 (sehemu 925 za fedha halisi katika 1000) wenye unene wa milimita 0.9. Hata kama duara lako ni la shaba, kipini kiwe cha fedha au dhahabu isiyo na nikeli, kwa sababu ndicho kinachokaa ndani ya nyama ya mtu. Zungusha mwisho mmoja kwenye waya wa 0.8 upate kitanzi kidogo kilichofunga vizuri. Weka boraksi (inayosaidia lehemu kutiririka) na chembe ya lehemu kwenye maungio, pasha moto, tia kwenye tindikali ya kusafishia metali, suuza.

Ukimaliza hapo waya ni laini tena, hata ule mwisho ambao moto haukuugusa, kwa kuwa fedha husafirisha joto upesi sana. Bana kitanzi kwenye jiliwa, ukikiwekea ngozi pande zote mbili. Shika mwisho wa pili kwa koleo, vuta, kisha pinda waya kwa kuuzungusha mizunguko miwili au mitatu kamili. Kwa macho hutaona tofauti, waya wa mviringo unabaki wa mviringo. Tofauti utaisikia mkononi: koleo litaanza kukataa. Usukume waya kidogo kwa kidole. Ukirudi wenyewe, uko tayari.

5. Kifungio chenye kona

Kwenye ncha ya pili, chora mfuo pale waya utakapolala. Kata kutoka upande wa nje wa duara, upana wa milimita 1, kina cha 2. Chini kabisa ya mfuo huo, chonga kwa tupa ndogo kifuko cha pembeni kinachoingia milimita 0.6 upande mmoja tu, hadi mfuo uwe na umbo la herufi L ukiutazama kutoka mwanyani. Kwa hereni ya pili, chonga kifuko upande wa pili, ili jozi iwe kama mtu na kioo chake.

Mfuo ulionyooka hushikilia kipini kwa msuguano tu, na msuguano unalika. Wenye kona unadai miendo miwili: kusukuma pembeni, kisha kuinua. Shali au nywele ikinasa huvuta upande mmoja tu.

6. Ribiti

Ng'arisha kila kitu kwanza. Panua kidogo mdomo wa tundu pande zote mbili, weka kitanzi ndani ya mpasuo pamoja na kipande cha karatasi nyembamba, pitisha waya wa 0.8, na uache nusu milimita ikichomoza kila upande. Gonga polepole kwa nyundo ndogo, ukigeuza kila baada ya mapigo machache, mpaka vichwa vijae. Loweka karatasi uitoe. Hakuna moto tena baada ya hapa.

7. Kurekebisha na kujaribu

Kata kipini kipite mfuo kwa milimita 1, kisha lainisha ncha kwa msasa mpaka isikwaruze ngozi ya mdomo. (Mdomo huhisi ukali ambao kidole hakiuhisi.) Pinda kipini kidogo sana kuelekea upande wa kifuko. Ukikifunga, usikie mlio mdogo.

Fungua na ufunge mara 50. Funga uzi wa pamba kwenye kipini na uuvute kwenda juu, kisha tikisa hereni kwa nguvu. Kikichomoka, usikibane kwa koleo. Kipinde tena kidogo kuelekea kifuko. Kisiporudisha nguvu, toboa ribiti uitoe na utengeneze kipini kingine.