Jinsi ya kupanga usiku wa uhalifu na mizuka sebuleni

Tanguliza filamu ya uhalifu. Mimi huweka Nairobi Half Life ya 2012. Simu zikae mbali mpaka Mwas, mhusika mkuu, aibiwe mjini na kusukumizwa kusafisha choo cha mahabusu. Uchafu ule ndio utamu wake. Hapo ndipo anakutana na Oti, kiongozi wa genge, na balaa lote linaanzia hapo.

Kisha kipindi kifupi cha kutisha. The Twilight Zone ya 1963, ile ya abiria anayeona kiumbe juu ya bawa la ndege, inatosha. Zima taa, ongeza sauti. Ya kutafsiriwa na DJ usiguse: kwenye ngumi anachangamsha, kwenye mizuka anaua hofu yote. Watoto? Wakalale kwanza, bwana.