Namna ya Kufuatilia Madai ya Mabaraza ya Kuchaguliwa Katika Wilaya Yako

Wanafunzi wangu wakiulizwa Waafrika wa Kenya walianza lini kudai wajichagulie viongozi, hukimbilia 1957, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Wewe rudi nyuma miaka 36.

Desemba 1921, pale Lundha, Nyanza, vijana waliopitia shule ya Maseno walianzisha Young Kavirondo Association. Watu wakaiita Piny Owacho, yaani "nchi imesema". Yaandike madai yao kwenye daftari lako kabla ya kugusa faili lolote: kipande, ile pasi ya kazi ambayo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba, kifutwe, kodi ipunguzwe, Nyanza ipate baraza lake lenye rais wa kuchaguliwa. Machi 1922 Harry Thuku, mwanasiasa aliyepinga kipande na kodi, akakamatwa Nairobi, na umati uliokwenda kudai aachiliwe ukamiminiwa risasi. Mwaka 1924 serikali ikarekebisha sheria na kuleta Local Native Council, LNC, yaani baraza la wenyeji la kila wilaya. Mwenyekiti alikuwa DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni. Wajumbe wengine waliteuliwa, wengine walipendekezwa na raia na kusubiri kukubaliwa na serikali. Kwa maoni yangu, LNC iliundwa ili siasa iishie wilayani, chini ya jicho la bwana DC.

Sasa nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Beba kitambulisho na penseli. Usiitishe wilaya yako kwa jina la leo, utaambiwa hakuna kitu. Murang'a ni Fort Hall, Kakamega ni North Kavirondo, upande wa Kisii ni South Kavirondo. Faili za DC wa Fort Hall huanza na DC/FH; za mkoa wa Nyanza, PC/NZA.

Ukipata kumbukumbu za mikutano ya LNC, usitafute neno "uchaguzi". Hutaliona sana, na utakata tamaa bure. Tafuta pesa. LNC iliruhusiwa kutoza ushuru wake, na hoja ya ushuru ndiyo inayowafumbua wajumbe midomo: wanataka shule isiyo ya misheni, DC anataka barabara na madaraja. Soma taratibu hapo. Karani anaandika kwa ufupi mno, "baada ya mjadala mrefu", kisha uamuzi. Hayo maneno manne ndiyo dalili kwamba watu walikataa jambo. Angalia pia pembeni mwa ukurasa: mara nyingine bwana mkubwa ameandika kwa mkono kile ambacho hakutaka kichapwe.

Halafu chukua orodha za waliohudhuria, za miaka miwili tofauti, uziweke sambamba. Mwenye "Chief" mbele ya jina analipwa na serikali. Wahesabu. Waliobaki, fuatilia nani anatoweka na nani mgeni anaingia. Kwa wilaya za Wagikuyu, linganisha majina hayo na ya wanachama wa Kikuyu Central Association, chama kilichotaka chifu mkuu achaguliwe na watu wenyewe. Gazeti lao, Muigwithania, lilianza 1928 chini ya Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye alijiita Jomo.

Usiiache Uasin Gishu, Trans Nzoia wala Nakuru, hata kama si kwenu. Sheria ya 1928 iliwapa walowezi mabaraza yao ya wilaya. Faili hizo ukiziweka mezani pamoja na za LNC, utaona kile wajumbe wa kwenu walichokuwa wakikiona: mzungu jirani anachagua diwani wake, wao wanaongozwa na DC.

Mwisho, wazee. Usimuulize mzee, "Mlipiga kura?" Atasema hapana. Muulize, "Nani alimtaja mzee wa LNC, na alitajiwa wapi?" Atakupeleka hadi uwanja wenyewe wa baraza. Na akisema ADC, usimsahihishe: kuanzia 1950 hilo ndilo lililokuwa jina jipya la mabaraza hayo, African District Council.